Siku Walizokufa: Uchambuzi wa Kisa cha Vifaranga wa Beta Mjini Jinja

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwanafunzi wa sekondari anayeishi na shangazi yake katika mtaa wa Walukuba, mjini Jinja. Kijana huyo alizalisha samaki wa beta nyumbani kwa mara ya kwanza, akapata vifaranga wanaokadiriwa kuwa 200, na baada ya majuma sita akabakiwa na 11. Vifo havikuja mfululizo. Vilikuja kwa mawimbi mawili, la kwanza siku chache tu baada ya vifaranga kuanza kuogelea, na la pili katika juma la tano, na kati ya mawimbi hayo palikuwa na takriban majuma matatu ya utulivu ambayo hakufa karibu yeyote. Shangazi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amemlazimisha mpwa wake kuandika kila jambo katika daftari, na ni daftari hilo, pamoja na video chache alizopiga kwa simu, lililowezesha uchambuzi huu. Muuzaji aliyemuuzia samaki alikwisha kuamua kwamba ni ugonjwa, kijana akakubali, na dawa ikanunuliwa. Mimi sioni ugonjwa popote katika daftari lile. Naona njaa kwanza, kisha baridi, na ninayategemea zaidi majira ya vifo kuliko dalili zenyewe, kwa sababu dalili za vifaranga wa urefu wa milimita tatu hufanana mno kwa kila kinachowaua.

Beta anayefugwa majumbani, ambaye wataalamu humwita Betta splendens, asili yake ni vinamasi, mitaro na mashamba ya mpunga ya Thailand, nchi ambayo mwaka 2019 ilimtangaza kuwa mnyama wake wa taifa wa majini. Ana kiungo kiitwacho labirinti, kilicho juu ya matamvua, ambacho humwezesha kuvuta hewa iliyo juu ya maji. Jambo hilo halitamshangaza msomaji wa Uganda aliyekua akiona kambare na kamongo wakiendelea kuishi katika matope ambamo ngege angekufa. Lakini kifaranga wa beta haanguliwi na kiungo hicho kikiwa tayari. Huundika taratibu katika majuma ya kwanza ya maisha yake, na mpaka kikamilike, kifaranga hawezi kuvuta hewa ya juu, yaani hutegemea usafi na hewa ya maji yenyewe. Yeyote anayesema kwamba beta huishi hata katika maji machafu anasema juu ya samaki mzima, na hata kwa huyo mzima asemalo ni nusu tu ya ukweli.

Upande wa kuzalisha haukuwa na kasoro kubwa, nami sitakawia hapo. Kijana alitumia tangi la kioo la lita 40 lililojazwa maji hadi kina cha sentimita 15 hivi, hita iliyolishika joto kwenye nyuzi 27, chujio la sponji lililopunguzwa nguvu ili lisivunje kiota, kifungu cha mmea wa maji, na jani moja kubwa kavu la mkungu. (Mkungu wenyewe, wenye majani mapana na matunda yanayofanana na lozi, si ule mti wa kivuli wenye matawi ya ghorofa na majani madogo uliopandwa kando ya barabara nyingi za miji yetu, ingawa ni ndugu.) Maji ya bomba aliyaacha wazi siku nzima kabla ya kuyatumia ili klorini itoke. Jike aliwekwa kwanza ndani ya chupa ya kioo ili dume amwone bila kumrarua, na alifunguliwa pale tu alipoonyesha michirizi ya wima ubavuni na kitone cheupe chini ya tumbo, dume naye akiwa amekwisha kutengeneza kiota cha mapovu chini ya nusu ya kikombe cha plastiki. Wakakumbatiana kwa saa kadhaa, jike akaachia mayai kidogo kidogo, dume akayaokota kwa mdomo na kuyapachika katika mapovu. Jike akatolewa mara tu dume alipoanza kumfukuza. Mayai yakaanguliwa baada ya siku moja na nusu, na dume akatolewa siku ya tano, pale vifaranga walipoacha kuning'inia mkia chini na kuanza kuogelea kwa ulalo. Yote hayo ni sahihi. Ninayataja ili msomaji asitafute kosa mahali ambapo halipo, kwa maana mfugaji anayepoteza vifaranga mara nyingi humlaumu baba kwamba amewala. Hapa baba alikuwa ameondoka, na maiti zilionekana chini ya tangi.

Sasa tutazame wimbi la kwanza. Siku ya kwanza ya kuogelea, kijana alianza kuwalisha kiini cha yai la kuchemsha kilichokamuliwa kupitia kitambaa, pamoja na chakula kikavu cha samaki wakubwa alichokisaga mpaka kikawa vumbi. Aliwalisha mara tatu kwa siku. Siku mbili za mwanzo hakuna aliyekufa. Siku ya tatu wakafa wachache, na siku ya nne na ya tano wakafa kwa makumi, kiasi kwamba daftari linaacha kuhesabu na kuandika tu neno "wengi". Kufikia mwisho wa juma hilo walibaki kati ya 50 na 60.

Mpangilio huo wa siku una maana. Kifaranga wa beta huanguliwa akiwa na mfuko wa kiini tumboni, nao ndio unaomlisha wakati angali ananing'inia chini ya kiota. Mfuko huo huisha takriban wakati uleule anapoanza kuogelea. Kuanzia hapo ana akiba ndogo sana mwilini, na akikosa kula kwa siku mbili au tatu, hudhoofika hadi pale ambapo hata akiletewa chakula hana tena nguvu ya kukifuata. Vifo vinavyoanza siku ya tatu ya kuogelea na kufika kilele siku ya nne na ya tano, basi, ndivyo hasa tunavyovitarajia kwa vifaranga ambao hawajala chochote tangu mfuko wa kiini uishe. Klorini isingesubiri siku tatu. Ingeua ndani ya saa chache, tena bila kuchagua. Ugonjwa wa vumbi la dhahabu, ambao ndio unaoogopwa zaidi kwa vifaranga wa beta, kwa kawaida huonekana ukimulika tochi kwa upande, ngozi ikiwa na unga wa rangi ya kutu na mapezi yakiwa yamebanwa mwilini. Katika video za kijana, zilizopigwa usiku kwa mwanga wa tochi uliolazwa kando ya kioo, hakuna unga wowote. Kinachoonekana ni kitu kingine: vichwa vikubwa kupita miili, na nyuma ya kichwa, mahali ambapo tumbo lililoshiba lingejitokeza, pamebonyea kuelekea ndani. Kifaranga mwenye njaa ni sindano yenye macho mawili, na ukishamwona mmoja hutamsahau.

Mtu atauliza inakuwaje walikosa kula ilhali walilishwa mara tatu kwa siku. Jibu ni kwamba kifaranga wa beta huvutwa na kitu kinachotikisika. Hukitazama, hujikunja kidogo mfano wa herufi S, kisha hukirukia. Chembe ya kiini cha yai haitikisiki. Inazama polepole mbele ya macho yake na yeye haitambui kuwa ni chakula. Vumbi la chakula kikavu huelea juu au hutua chini, na chembe zake nyingi ni kubwa kuliko mdomo wake. Zaidi ya hayo, kiini cha yai huoza haraka katika maji ya nyuzi 27. Daftari linasema kwamba siku ya nne maji "yalikuwa meupe na yananuka kidogo". Weupe huo ni bakteria waliolishwa kiini ambacho vifaranga hawakukila, na kinachoambatana nao ni amonia. Amonia huunguza matamvua, na vifaranga wa umri huo bado hawawezi kuvuta hewa ya juu.

Hapo ndipo mwenye kupinga anaweza kusema kwamba basi ni maji machafu yaliyoua, si njaa. Nimelifikiria hilo kwa muda. Kama ingekuwa amonia peke yake, vifo vingelingana na uchafu, vikaongezeka kadiri weupe ulivyoongezeka, na vingewakumba wote kwa pamoja. Daftari linaonyesha vifo vya mwanzo vikitangulia weupe kwa siku moja. Na kuna ushahidi mwingine ambao kijana aliuandika bila kujua uzito wake: wale waliobaki, wale 50 na kitu, karibu wote walikuwa wakikaa pembe moja ya tangi, pembe yenye jani la mkungu na kile kifungu cha mmea. Katika video moja wanaonekana wakidonoa juu ya jani. Jani lililolala majini zaidi ya juma moja hufunikwa na ute mwembamba, na ndani ya ute huo huishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao ndio chakula cha kwanza cha kifaranga wa beta hata katika vinamasi vya kwao Thailand. Maji ya pembe ile yalikuwa yaleyale ya tangi zima, na amonia ilikuwa ileile. Tofauti yake ilikuwa chakula. Kwa hiyo nahukumu kwamba njaa ndiyo iliyoua, na maji machafu yaliwamalizia wale waliokuwa tayari wamedhoofika.

Dawa ya buluu aliyoshauriwa kijana, ambayo ni methilini bluu, ina kazi yake halali, hususan kuzuia ukungu juu ya mayai. Kuitia kwenye tangi lenye vifaranga wanaolegea kwa njaa hakukuwa na faida, na ninaamini kulikuwa na hasara, kwa kuwa dawa hiyo huwadhuru bakteria wa chujio wanaoshughulikia amonia na vilevile viumbe wadogo wa kwenye jani. Bahati ilikuwa kwamba shangazi alipoona maji yamekuwa ya rangi ya wino aliagiza yabadilishwe. "Mwanangu, hicho si kitu cha kunywa mtoto," ndivyo alivyomwambia, na mwalimu hakuhitaji elimu ya samaki kulisema hilo. Kijana alibadilisha nusu ya maji, akaacha kulisha yai, na kwa kukosa kitu kingine akawa anawamiminia kila siku kikombe cha maji ya kijani kutoka kwenye pipa la mvua lililoko uani. Anaandika kwamba alifanya hivyo "kwa kukata tamaa". Kumbe ndicho kilichowaokoa waliobaki, kwa sababu maji ya kijani ya pipa yamejaa uhai mdogo. Tahadhari iliyopo ni kwamba pipa hilohilo hukaa viluwiluwi vya mbu. Kwa beta wakubwa viluwiluwi ni karamu, lakini katika nchi ya malaria haifai kabisa kuyaacha mapipa wazi kwa kisingizio cha kulisha samaki. Pipa lifunikwe kwa wavu, na maji yachujwe kwa kitambaa.

Majuma matatu yaliyofuata yalikwenda vizuri. Vifaranga walikua kwa viwango tofauti, jambo la kawaida kwa beta, na kijana akawagawa: wakubwa 20 hivi akawaacha katika tangi, na wadogo wapatao 30 akawahamishia katika beseni pana la plastiki chumbani mwake, ili wasinyang'anywe chakula. Kuwatenganisha lilikuwa wazo zuri. Tatizo lilikuwa mahali walipohamishiwa.

Wimbi la pili lilikuja katika juma la tano, mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea. Umeme ulikatika usiku mbili mfululizo. Asubuhi ya kwanza beseni lilikuwa na maiti chache, asubuhi ya pili lilikuwa na nyingi, na katika siku nne zilizofuata beseni lilibakiwa na wawili. Tangini walikufa pia, lakini polepole zaidi, mpaka wakabaki tisa. Kipimajoto cha tangi kilishuka kutoka nyuzi 27 jioni hadi 22 alfajiri. Beseni halikuwa na kipimajoto wala hita. Kijana alikuwa akitegemea joto la chumba, na Jinja, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa baridi kuliko wageni wanavyodhani kwa kuangalia ramani ya ikweta.

Muuzaji alisema tena ugonjwa. Lakini ugonjwa wa kuambukiza haufuati ratiba ya umeme na usiku wa baridi. Vifo vyote vikubwa vilionekana asubuhi, hakuna hata kimoja kilichoandikwa mchana, na samaki walioonekana wakati wa uhai walikuwa wametulia chini huku wakipanda juu mara kwa mara kutafuta hewa kisha wakizama tena. Kuna jambo moja zaidi. Tangi lilikuwa limefunikwa kwa kavera, yaani karatasi ya plastiki, tangu mwanzo, ila siku chache kabla ya umeme kukatika kijana aliliondoa kwa hofu kwamba samaki watakosa hewa. Beseni halikuwahi kufunikwa.

Wafugaji wengi wa beta hushikilia kwamba hewa baridi juu ya maji hudhuru kiungo cha labirinti wakati kinapoundika, na kwamba ndiyo sababu tangi la vifaranga lifunikwe muda wote, hewa ya chini ya kifuniko ibaki ya joto na unyevu. Ushauri huo naufuata mwenyewe, na umri wa juma la tano unaangukia katika kipindi hicho. Hata hivyo, kwa kisa hiki siwezi kuitenga hewa baridi na maji baridi, maana maji yasiyofunikwa hupoteza joto kwa mvuke, na beseni pana lenye kina kifupi hupoa upesi kuliko tangi lenye kina. Kifaranga aliyeshiba jioni katika nyuzi 27 akajikuta alfajiri katika nyuzi 22 au pungufu, mmeng'enyo wake hupungua sana tumbo likiwa limejaa. Nikilazimishwa kuchagua, nasema maji baridi ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya lawama, kwa sababu tangi na beseni vyote vilipata hewa ileile ya chumba, ila kilichopoa zaidi ndicho kilichopoteza zaidi. Vyovyote iwavyo, tiba ni moja, nayo ni kifuniko.

Jaribio la pili lilifanyika baada ya mvua, kwa jozi ileile. Safari hii mpangilio uligeuzwa: chakula kilianzishwa majuma matatu kabla ya dume kuonyeshwa jike. Katika mtungi wa kioo uliojaa maji ya tangi la zamani waliweka kipande cha ganda la ndizi na jani kavu la mgomba, wakauacha dirishani. Maji yaliharibika kwanza, yakawa na harufu na utando, kisha baada ya siku kadhaa yakaanza kung'aa, na ukiuinua mtungi juani unaona vumbi linalojiendea lenyewe. Maji ya hatua hiyo ya pili ndiyo yanayofaa. Ya hatua ya kwanza, yenye kunuka, yatarudisha msiba uleule wa yai. Mbali na mtungi, walipata kwa mfugaji mwenzao mbegu ya minyoo wadogo wanaofugwa juu ya uji mzito, wakaiotesha katika kopo la plastiki lenye uji wa mahindi uliopoa na chembe chache za hamira. Kopo likikomaa, minyoo hupanda ukutani wakawa utando unaometameta, na mlishaji huwafuta kwa kidole safi bila kugusa uji, kisha husuuza kidole hicho ndani ya tangi. Minyoo hao hutikisika, na ndiyo maana huliwa, ingawa huzama chini, hivyo walishwe kidogo kidogo. Artemia, wale uduvi wadogo wa maji ya chumvi, walianza kutolewa kama chakula siku ya nne ya vifaranga kuogelea. Mayai yao makavu huanguliwa kwa takriban saa 24 katika maji yenye gramu 25 hadi 35 za chumvi kwa lita, joto la nyuzi 28 na hewa ya pampu inayochemka, kisha husuuzwa kabla ya kulishwa kwa sababu hufa baada ya saa chache katika maji yasiyo na chumvi. Ukimulika tochi dakika chache baada ya mlo, kila kifaranga aliyekula ana tumbo la rangi ya chungwa, na asiyekula anajulikana papo hapo. Sijui kipimo kingine kirahisi kiasi hicho.

Kwa upande wa joto, tangi liliwekwa ndani ya boksi la povu jeupe la kubebea samaki wa barafu, ambalo halikosekani mji wenye viwanda vya minofu, na kioo kikawekwa juu yake, pamebakizwa upenyo mdogo. Umeme ulipokatika, chupa za maji ya moto zilipangwa kati ya tangi na ukuta wa boksi, si ndani ya maji. Uchafu wa chini ulinyonywa kila siku kwa mrija mwembamba, na maji mapya yenye joto lilelile yakarudishwa tone kwa tone.

Jike alitaga kidogo kuliko mara ya kwanza, na vifaranga hawakuzidi 150. Kufikia juma la kumi walikuwa hai zaidi ya 100, na vifo vilitawanyika bila wimbi lolote. Matatizo yaliyobaki ni ya neema: madume walianza kupigana na kila mmoja akahitaji chupa yake, na kila chupa ikahitaji kubadilishwa maji, kazi inayomla kijana saa nzima kila jioni. Jirani alipendekeza waliozidi wamwagwe kwenye kinamasi cha ziwa. Shangazi alikataa, nami namuunga mkono kwa nguvu zote. Samaki anayepumua hewa na kupenda maji yaliyotuama si mgeni wa kukaribishwa katika vinamasi vya Ziwa Victoria, ziwa ambalo tangu sangara aingizwe katika miaka ya 1950 limepoteza aina nyingi za nkejje, samaki wadogo wa asili wa humo. Waliozidi waligawiwa kwa wafugaji wengine, wenye kasoro za uti wa mgongo hawakutunzwa kwa uzazi, na majike 14 walioelewana waliachwa pamoja katika tangi lililojaa mimea, huku kijana akiwa tayari na chupa kwa yeyote atakayeanza kuwasumbua wenzake.